Kujifunza Gitaa kwa Kuuchambua Wimbo Mmoja: "Stairway to Heaven" Kipande kwa Kipande

Wapiga gitaa wengi wanaoanza huweza kupiga mwanzo wa "Stairway to Heaven" kabla hawajaweza kueleza kodi ni nini. Wameujifunza kwa kutazama: kidole hiki kinakaa hapa, kile pale, kisha unaguswa uzi huu na ule. Baada ya majuma machache mikono inajua njia, lakini ukiwaomba waanzie katikati ya mstari badala ya noti ya kwanza wanapotea, na ukiwaomba waitumie mbinu hiyohiyo katika wimbo mwingine hawana cha kutumia. Makala haya yanafuata njia tofauti ya kuusoma wimbo huohuo. Katika kila kipande tutauliza ni hitaji gani la kimuziki lililomfanya mpigaji achague mbinu ile na si nyingine, kwa sababu mbinu inayoeleweka pamoja na sababu yake hukaa mkononi hata wimbo wenyewe ukiwekwa kando.

Wimbo ni wa kundi la Uingereza la Led Zeppelin, nao ulitoka tarehe 8 Novemba 1971 katika albamu ya nne ya kundi hilo, albamu ambayo haikupewa jina lolote. Kazi ya kuurekodi ilianza Desemba 1970 katika studio za Island, mtaa wa Basing Street jijini London, na hadhira iliusikia jukwaani katika ukumbi wa Ulster Hall, Belfast, tarehe 5 Machi 1971, miezi minane kabla santuri haijatoka. Magitaa ni ya Jimmy Page, maneno na sauti ni vya Robert Plant, besi pamoja na zile filimbi za mbao za mwanzoni ni za John Paul Jones, na ngoma ni za John Bonham. Urefu wake ni dakika nane na sekunde mbili.

Nimeuchagua kwa sababu moja kubwa: mpangilio wake unafuata takriban ngazi zilezile ambazo mwanafunzi wa gitaa hupanda. Unaanza na gitaa moja lisilotumia umeme, linalodonolewa kwa vidole. Baadaye yanaingia magitaa ya umeme yenye nyuzi kumi na mbili, yakicharazwa. Ngoma hazisikiki hadi dakika ya nne imepita. Solo inafika karibu na dakika ya sita, na baada yake kundi zima linapiga kwa nguvu hadi karibu na mwisho. Page alikuwa amefanya kazi kwa miaka kadhaa ya 1960 kama mpiga gitaa wa kukodiwa katika studio za London, akipigia wasanii wa kila namna, na upana huo wa ujuzi unasikika hapa, kwani ni nadra wimbo mmoja kudai udonoaji, ucharazaji na upigaji wa solo kwa uzito unaokaribiana.

Tukubaliane kwanza kuhusu majina. Uzi wa kwanza ni ule mwembamba kabisa na wa sita ndio mnene. Gitaa limetyuniwa kwa kawaida, yaani E A D G B E kutoka uzi wa sita hadi wa kwanza. Freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, zinahesabiwa kuanzia upande wa kichwa cha gitaa. Kodi ni noti tatu au zaidi zinazolia kwa pamoja, au zinazopigwa mojamoja huku kila moja ikiachwa iendelee kulia, na ni jinsi hii ya pili inayoufungua wimbo wetu.

Mwanzo huo umejengwa juu ya mistari miwili inayoachana. Mstari wa chini unapigwa kwenye uzi wa nne. Unaanzia freti ya 7 na kushuka freti mojamoja: 7, 6, 5, 4, 3. Noti zake ni A, G shapu, G, F shapu na F, na kila hatua ni nusu toni, umbali mdogo kabisa unaoruhusiwa na freti za gitaa; shapu ni noti iliyopandishwa nusu toni. Aliyewahi kuimba kwaya kwa solfa anaweza kuuimba bila gitaa: la, se, so, fe, fa. Wakati mstari huo unashuka, mstari wa juu kwenye uzi wa kwanza unapanda kutoka A ya freti ya 5 kwenda B ya freti ya 7, kisha C ya freti ya 8. Katikati yake uzi wa tatu na wa pili umebanwa kwenye freti ya 5, ukitoa noti za C na E, na noti hizo hazibadiliki katika kodi zote tatu za mwanzo. Msikilizaji basi anapata noti mbili zisizohama, na nje yake sauti mbili ambazo mwanzoni ziko umbali wa oktava moja (A ya chini na A inayofuata juu yake), kisha zinazidi kutengana kwa kila kodi.

Ukiichukua kodi ya pili peke yake, G shapu chini, C na E katikati, B juu, na kuipiga kwa mkupuo mmoja, utasikia kitu kisichotulia. G shapu haimo katika skeli ya asili ya A maina, yaani ngazi ya noti A, B, C, D, E, F na G, na C na B hazikai pamoja kwa amani. Hata hivyo hakuna anayeshtuka anapoisikia ndani ya wimbo, kwa kuwa sikio halisikilizi kodi hiyo kama kitu kinachojitegemea bali linafuata safari ya kila mstari, mmoja ukishuka na mwingine ukipanda, na kodi ya pili ni mahali ambapo safari hizo mbili zimekutana kwa kupita. Jambo hili ndilo linaloamua namna ya kuweka vidole. Kama sikio linafuata mistari, basi mistari haina budi isikatike, na mkono wa kushoto unapaswa kupangwa ili kila noti ilie hadi noti inayofuata katika mstari wake iipokee.

Ndiyo maana kidole cha shahada kinalazwa kwenye freti ya 5, kikibana uzi wa kwanza, wa pili na wa tatu kwa pamoja, na kubaki hapo katika kodi tatu za mwanzo. Katika kodi ya kwanza kidole cha pete kinabana uzi wa nne kwenye freti ya 7. Katika ya pili kidole hicho kinaondoka, kidole cha kati kinachukua freti ya 6 ya uzi huohuo, na kidole kidogo kinabana freti ya 7 ya uzi wa kwanza. Katika ya tatu kidole cha shahada kinajisogeza kidogo ili kibane pia uzi wa nne kwenye freti ya 5, na kidole kidogo kinapanda hadi freti ya 8. Wapo wanaofundisha kodi hizi kama maumbo matatu yanayojitegemea, mkono ukinyanyuliwa na kuwekwa upya kila mara. Sikubaliani nao, kwa sababu mkono unaponyanyuliwa noti za C na E hukatika, na noti hizo ndizo zinazolishikilia jengo zima.

Kodi ya nne inadai mruko wa kweli. Mkono unaachia freti ya 5 na kushuka hadi ya 2, ambako kidole cha shahada kinalazwa tena juu ya nyuzi tatu nyembamba, kidole cha kati kinabana freti ya 3 ya uzi wa pili, na cha pete kinakwenda freti ya 4 ya uzi wa nne. Hii ni kodi ya D ambayo noti yake ya chini ni F shapu. Hapa utulivu wa katikati unavunjwa kwa makusudi: C na E zinaondoka, na noti ya juu, iliyokuwa ikipanda, inaanguka ghafla kutoka C hadi F shapu. Mstari wa chini peke yake ndio unaoendelea kama ulivyoanza, kwa hiyo katika sekunde ile ngumu kuliko zote kwa mkono wa kushoto, kidole gumba cha mkono wa kulia ndicho chenye wajibu wa kuushikilia wimbo. Anayefanya mazoezi aupige mruko huu peke yake, kutoka kodi ya tatu hadi ya nne na kurudi, hadi noti ya besi ifike kwa wakati hata kama nyuzi nyingine hazijabanwa vizuri. Usafi wa nyuzi hizo utakuja, lakini besi ikichelewa mstari umekufa.

Baada ya hapo inakuja F, iliyo rahisi: freti ya 3 ya uzi wa nne, ya 2 ya uzi wa tatu, ya 1 ya uzi wa pili, na uzi wa kwanza ukiachwa wazi. Kodi nne za kwanza zilipewa nusu kipimo kila moja (kipimo hapa ni kundi la mapigo manne), ilhali F inapewa kipimo kizima, na sikio linapumzika. Kwa desturi ya muziki wa kale mstari wa namna hii huendelea kushuka hadi E. Hapa haufiki E. Unaruka hadi B ya freti ya 2 kwenye uzi wa tano, kisha unatua A ya uzi huohuo ulio wazi, oktava moja chini ya pale ulipoanzia. Huku kuikwepa E ndiko kunakozuia mwanzo huu usisikike umefungwa, na ndiko kunakouwezesha kurudiwa bila kuchosha.

Mkono wa kulia una mpangilio wake. Kidole gumba kinamiliki uzi wa nne, cha shahada uzi wa tatu, cha kati uzi wa pili, na cha pete uzi wa kwanza. Katika nusu ya kwanza ya kipimo cha kwanza vidole vinaingia kwa zamu kutoka chini kwenda juu: gumba, shahada, kati, pete. Kuanzia kodi ya pili mambo yanabadilika, kwani gumba na pete vinapiga kwa wakati mmoja, kimoja kikisukuma chini na kingine kikivuta juu, halafu vinafuata kati, shahada na pete tena. Mdonoo huo wa pamoja si pambo. Ndio unaomjulisha msikilizaji kwamba mistari miwili imesogea kwa wakati mmoja, na mpigaji anayetanguliza gumba hata kwa sehemu ndogo ya sekunde anaufanya mstari wa juu usikike kama mwangwi wa ule wa chini.

Zoezi ninalolisisitiza kuliko mengine ni kuitenga mistari. Piga besi peke yake, noti kwa noti, mpaka uweze kuiimba. Kisha piga mstari wa juu peke yake. Kisha imba mmoja huku ukipiga mwingine. Anayeweza kuimba la, se, so, fe, fa huku vidole vyake vikipanda A, B, C ameuelewa mwanzo huu kwa kina kisichoweza kuletwa na kukariri freti, na ataweza kuuhamishia kwenye kodi nyingine yoyote ya maina kwa kutafuta mahali besi inapoanzia.

Kidole gumba kinachojitegemea si jambo geni katika ukanda wetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo unaitwa Likasi, na katika "Masanga" kijana yule alisikika akiendesha besi kwa gumba na wimbo wa juu kwa kidole cha shahada, kila kimoja kikiwa na mdundo wake. Kwa upande wa uhuru wa gumba, kazi ya Mwenda ni ngumu kuliko mwanzo wa "Stairway to Heaven", kwa sababu kwa Page mistari miwili inakutana kwenye pigo lilelile mara nyingi, ilhali kwa Mwenda inapishana. Msomaji aliyekulia akisikiliza magitaa ya Kongo na ya Afrika Mashariki anaweza kuanza na huyu au yule. Kila mmoja anamfundisha mkono jambo ambalo mwingine atalihitaji.

Mstari ule unaoshuka kwa nusu toni umewahi kuzozaniwa mahakamani, na shauri lenyewe lina manufaa kwa mwanafunzi. Mwaka 2014 mdhamini wa mali ya marehemu Randy California, mpiga gitaa wa kundi la Marekani la Spirit, alifungua kesi akidai kwamba mwanzo wa wimbo huu ulichukuliwa kutoka "Taurus", muziki wa ala uliotolewa na Spirit mwaka 1968, ambao nao una besi inayoshuka kutoka A. Juni 2016 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles liliamua kwa faida ya Led Zeppelin. Uamuzi huo ulipingwa, lakini Machi 2020 mahakama ya rufaa ya eneo la tisa iliuacha usimame, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufaa ya mwisho. Hoja moja iliyotolewa katika utetezi ni kwamba besi inayoshuka kwa nusu toni katika skeli ya maina ni mali ya wote, kwa kuwa imetumiwa kwa zaidi ya miaka 300. Hilo ni kweli kimuziki bila kutegemea hukumu yoyote: Mwingereza Henry Purcell, aliyefariki 1695, alijenga ombolezo la Dido juu ya besi ya aina hiyo. Kwa mwanafunzi maana yake ni kwamba anaweza kuuchukua mshuko huu na kuutungia wimbo wake mwenyewe kwa moyo mkunjufu. Kilicho cha wimbo huu peke yake ni mpangilio wa pamoja: mstari wa juu unaopanda, zile noti mbili zisizohama, na ile njia ya kuikwepa E.

Sehemu ya kati inahamisha kazi kutoka vidole kwenda kifundo cha mkono. Magitaa yenye nyuzi kumi na mbili yanaingia, na sauti inapanuka mara moja. Katika gitaa la aina hiyo nyuzi zimepangwa jozi kwa jozi. Kwenye jozi nne za chini uzi mmoja uko oktava moja juu ya mwenzake, na kwenye jozi mbili za juu nyuzi zote mbili zina noti ileile. Kwa kuwa nyuzi mbili hazilingani kikamilifu kamwe, kila kodi inapata mng'ao unaotetemeka kidogo. Asiye na gitaa hilo hawezi kuupata mng'ao huo, lakini anaweza kukaribia upana wake kwa kuchagua kodi zenye nyuzi zilizoachwa wazi na kuzicharaza karibu na tundu la sauti badala ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gitaa.

Ucharazaji wenyewe unatawaliwa na kanuni moja: mkono hausimami. Kifundo kinashuka na kupanda kwa mwendo usiobadilika, na pale ambapo wimbo hautaki sauti, mkono unapita juu ya nyuzi bila kuzigusa. Wanafunzi wengi huusimamisha mkono kwenye ukimya na kuuanzisha tena kwenye sauti, na kila mara wanapoanza upya mapigo yanayumba. Katika wimbo huu kosa hilo linaonekana haraka, kwa sababu gitaa ndilo linalobeba mapigo peke yake kwa muda mrefu kabla ya ngoma kuingia. Mwendo nao unaongezeka taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa zaidi ya robo ukilinganisha sehemu ya kwanza na ya mwisho. Nashauri metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, itumike kwa kila kipande peke yake, kila kimoja kwa mwendo wake, na isitumike kwa wimbo mzima, kwa kuwa kuulazimisha wimbo huu ukae kwenye mwendo mmoja ni kuuondolea uhai wake.

Kabla ya solo kuna mlango mfupi wa kodi za D unaosikika kama baragumu. Mbinu yake ni kuahirisha. Katika kodi ya D meja noti inayoitambulisha kama meja ni F shapu, iliyoko freti ya 2 ya uzi wa kwanza. Kidole kidogo kikibana freti ya 3 ya uzi huo, F shapu inafunikwa na G, na kodi inabaki imening'inia, si meja wala maina. Kidole kikiondoka, F shapu inarudi na sikio linatulia. Mchezo huo wa kuning'iniza na kutua unarudiwa, na hesabu ya mapigo haibaki nne kwa nne muda wote. Hesabu kwa sauti hapa, hata kama umezoea kuhesabu kimoyomoyo, maana wengi hukosa mlango huu kwa kutegemea mazoea ya nne.

Solo inachukua chini ya dakika moja. Page aliipiga kwa Fender Telecaster ya mwaka 1959 aliyopewa na Jeff Beck, nayo ilitokana na majaribio matatu ya kubuni papo kwa papo, ambayo moja lilichaguliwa. Chini yake kodi tatu zinazunguka: A maina, G, F. Noti nyingi zinatoka katika skeli ya noti tano ya A maina, yaani A, C, D, E na G, au la, do, re, mi, so kwa solfa, ambazo mkono unazipata kwa urahisi kuanzia freti ya 5. Wanaoanza hujifunza umbo hilo la vidole siku za mwanzo na kudhani kwamba kila noti ndani yake inafaa wakati wote. Hazigombani na kodi kwa kelele, hilo ni kweli, lakini hazina uzito sawa. Juu ya A maina noti zinazotua ni A, C na E. Kodi ikibadilika kuwa G, ambayo ina G, B na D, noti za skeli zinazotua ni G na D, na A iliyokuwa nyumbani sekunde iliyopita sasa inaomba kusogea. Juu ya F, yenye F, A na C, skeli inatoa A na C tu, na noti mama ya kodi haimo. Page anaiingiza F hiyo kutoka nje ya skeli ya noti tano wakati kodi ya F inapofika, na ndiyo maana solo hii inasikika ikizungumza na kodi zilizo chini yake badala ya kukimbia juu yake. Zoezi lake ni rahisi kuelezea na gumu kutenda: mwambie mwenzako azungushe kodi hizo tatu, nawe upige noti moja tu kwa kila kodi, ukichagua noti inayotua. Ukimaliza majuma kadhaa ya zoezi hilo, ongeza noti mbili za kufikia pale, kisha tatu.

Mbinu ya pili ya solo ni kuuvuta uzi ili noti ipande. Chukua uzi wa tatu freti ya 7, ambako kuna D, na uusukume hadi usikike kama E. Kupanda kwa toni nzima ni kuongeza mitetemo kwa takriban asilimia 12, kutoka yapata 294 hadi 330 kwa sekunde, na kwa kuwa mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mkazo, mkazo wa uzi unapaswa kuongezeka kwa zaidi ya robo. Kidole kimoja hakiwezi kufanya kazi hiyo kwa usahihi. Kidole cha pete kinabana noti, cha kati na cha shahada vinakaa nyuma yake kwenye uzi uleule, gumba linashika ukingo wa juu wa shingo, na nguvu inatoka katika kuzungusha kifundo kama mtu anayefungua kitasa. Kipimo cha usahihi kiko palepale: uzi wa pili kwenye freti ya 5 ni E. Ipige kwanza, ishike akilini, kisha vuta hadi uifikie. Uvutaji usiofika ni kasoro inayosikika kuliko noti iliyokosewa, kwa sababu noti iliyokosewa hupita, ilhali uzi uliovutwa nusunusu unaendelea kulia ukiwa chini ya mahali pake. Mtetemesho unaofuata baada ya kufika juu unatokana na mzunguko uleule wa kifundo, mdogo na wa polepole, uzi ukilegezwa kidogo na kurudishwa.

Lazima niseme neno kwa wenye magitaa yasiyo ya umeme, ambao ndio wengi. Nyuzi zake ni nene zaidi, na uzi wa tatu mara nyingi umezungushiwa waya, kwa hiyo kuuvuta toni nzima ni kazi ya kuumiza vidole bila faida. Mahali pa kuvuta, piga D kisha utelezeshe kidole hadi freti ya 9, iliko E, bila kukinyanyua. Sauti haitakuwa ileile, lakini sikio litajifunza safari ileile, na siku utakapopata gitaa la umeme mkono utakuwa na lengo tayari.

Mistari ya haraka ya solo inategemea noti zinazotolewa na mkono wa kushoto peke yake. Noti moja inapigwa kwa piki, kile kibati kidogo cha kupigia nyuzi; inayofuata inapatikana kwa kugonga freti ya juu kwa kidole kingine, au kwa kuking'oa kidole kwa kuuvuta uzi kidogo kuelekea chini ili noti iliyokuwa imebanwa nyuma yake ilie. Sababu ya kuitumia mbinu hii si kasi tu. Noti isiyopigwa na piki haina ule mgutuko wa mwanzo, na mchanganyiko wa noti zenye mgutuko na zisizo nao ndio unaoupa mstari matamshi, silabi nzito na nyepesi. Ukizipiga zote kwa piki utafikia kasi, lakini utapoteza matamshi hayo. Karibu na mwisho wa solo kipande kifupi kinarudiwa kwa kasi mara kadhaa, na hapo urudiaji wenyewe unajenga shinikizo. Kipige polepole kwa usawa kabisa kabla ya kuharakisha, na usipandishe mwendo hadi marudio yote yawe sawa.

Baada ya solo kodi zilezile tatu zinabaki, A maina, G, F, sasa zikipigwa kwa umeme na uzito, sauti ya Plant ikiwa juu kabisa. Kinachotakiwa hapa ni kujua kunyamazisha. Upande wa kiganja cha kulia unakaa juu ya nyuzi karibu na daraja kwa mapigo yanayohitaji kukatwa, na mkono wa kushoto unalegeza mbano bila kuondoka kwenye nyuzi ili kodi ikome. Nyuzi zisizomo katika kodi zinaguswa kidogo na vidole visivyo na kazi. Amplifaya yenye mkwaruzo hutoa kila kitu nje, pamoja na nyuzi ulizosahau.

Swali la mwisho linamhusu kila anayetaka kuupiga wimbo huu mbele ya watu, maana kwenye santuri magitaa kadhaa yamerekodiwa moja juu ya jingine. Jukwaani Page alilitatua kwa Gibson EDS-1275, gitaa la shingo mbili, moja ikiwa na nyuzi kumi na mbili na nyingine sita, akihama kutoka shingo hadi shingo kadiri wimbo ulivyoendelea. Mwenye gitaa moja analazimika kuhama kutoka vidole kwenda piki bila kusimama, na njia iliyo thabiti ni kuishika piki kwa gumba na shahada tangu noti ya kwanza: piki inachukua kazi ya gumba kwenye uzi wa nne, kidole cha kati kinachukua uzi wa tatu, cha pete uzi wa pili, na kidole kidogo uzi wa kwanza. Kidole kidogo cha mkono wa kulia ni dhaifu na kitahitaji wiki nyingi kabla mdonoo wake haujalingana na pigo la piki. Ucharazaji ukianza, piki iko tayari mkononi. Ikiwa hakuna wa pili wa kuzungusha kodi, solo iache, na badala yake ucharaze kodi zile tatu kwa mizunguko michache huku mkono ukizidi kuongeza nguvu, kisha uingie moja kwa moja katika sehemu ya mwisho.